Mkwaju wa Tano

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Uwanja wa Gofu,
S.L.P. 61.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mpendwa mdogo wangu Rula,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye bado yupo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wajukuu wote. Goti lako je? Mara ya mwisho uliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unashuka ngazi kinyumenyume. Endelea hivyo hivyo, ilimradi unafika chini. Na shemeji, macho yake yametulia baada ya upasuaji? Mwambie asiyakimbize kwenye maandishi madogo. Hata barua hii mwache aisome baadaye, ukishaisoma wewe. Utaona kwa nini.

Mimi nikikwambia sijambo nitakuwa nimesema kweli kwa sehemu kubwa. Mkono wa kushoto haujarudi wote tangu kile kiharusi. Nyonga ya chuma inajua habari za mvua kabla ya redio. Ila moyo ndio umechoka. Mwezi uliopita daktari alizungumza nami huku akitazama karatasi zake badala ya uso wangu, nikajua mambo yamekaa vipi. Nikamuuliza, "Daktari, nikipanda mpapai leo, nitakula matunda yake?" Akafikiri, akasema, "Mzee, panda mchicha."

Nilicheka mpaka nesi wa mlangoni akachungulia. Usihuzunike. Sina maumivu, nalala vizuri, na binti yangu ananipikia kama mtu anayenenepesha ng'ombe. Nimekaa kwenye meza aliyoniwekea dirishani, mkono wa kulia mzima kabisa, kalamu mpya. Kwa mtu wa miaka sabini na tisa hali hii si mbaya.

Nina habari mbili. Moja itakuchekesha, nyingine haitakuchekesha. Nitaanza na ile nyepesi, maana ndiyo tabia yangu, unaijua.

Nimerudi kwenye gofu.

Ndiyo, mimi. Sikuwa nimeshika fimbo tangu mwaka uliofuata ule wa kombe, na watu wote niliwaambia kwamba kazi ya ualimu hainiachii nafasi. Nilistaafu, nafasi ikajaa tele, na bado sikwenda. Halafu kiharusi kikaja, na yule mama wa mazoezi ya viungo hospitalini akawa ananipa mpira laini niufinye, mara hamsini kila asubuhi. Nikamwambia kazi hiyo inanichosha roho. Akauliza, "Zamani ulikuwa unapenda kufanya nini kwa mikono?" Mdomo wangu ukajibu kabla sijaupa ruhusa.

Basi akasema niende. Kanuni zake zilikuwa tatu: nisizungushe mwili zaidi ya nusu, nisiiname, na nisijifanye kijana. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu.

Sasa nikueleze tunavyocheza, maana ungetuona ungekaa chini kwenye nyasi ukashika mbavu. Tuko watatu. Mmoja ni Nesi, mama aliyestaafu wodi ya wazazi, mwenye magoti mabovu kuliko lako na ulimi mzima kabisa. Mwingine ni Fundi, fundi cherehani wa mtaa wetu, mwenye macho ya kipanga na masikio ya ukuta. Wa tatu ni mimi, ninayesikia kila kitu na sioni mpira ukishavuka hatua thelathini. Ukituchanganya sote unapata mchezaji mmoja mzima na vipande vya akiba.

Kwanza Nesi ananifunga mkono wa kushoto kwenye fimbo kwa bendeji, kwa ustadi wa miaka arobaini, huku akinigombeza kana kwamba nakaribia kujifungua. "Tulia, Mzee. Pumua. Usisukume kabla ya wakati." Halafu kwa kuwa siwezi kuinama, nina bomba fupi la plastiki. Naliweka wima juu ya nyasi, nadondosha mpira kwa juu, unatua mahali pake. Mpira ukiingia shimoni, Fundi amenishonea kimfuko cha wavu kwenye mpini wa fimbo, nautoa humo kama mtu anayevua samaki.

Nikishapiga, namuuliza Fundi, "Umekwenda wapi?" Hasikii. Nauliza tena kwa sauti kubwa. Ananijibu, "Asante, nawe pia!" Mwishowe nikaacha kuuliza, nikawa namtazama anyooshe kidole. Lakini si kazi kubwa. Mpira wangu hauendi mbali siku hizi, na faida yake ni kwamba haupotei.

Tunacheza mashimo tisa, si kumi na nane, na tunaanzia kwenye alama za mbele kabisa, zile ambazo wewe na mimi tulikuwa tukizipita bila kuzitazama. Shimo ambalo zamani lilinigharimu mikwaju minne sasa linanila saba au nane. Saa tatu asubuhi tunaanza, saa sita tunakaa kwenye veranda na chai. Na nikuambie kweli, Rula, sijawahi kuufurahia mchezo huu kama sasa. Ujanani nilikuwa nauona ubao wa washindi tu. Sasa naona nyasi. Pale karibu na shimo, mahali Baba alipopaita zulia, bado wanapanyoa kwa mshazari kama alivyowafundisha. Kila nikikanyaga pale navua kofia, na Nesi anadhani nasikia joto.

Jambo jingine dogo la kuungama kabla ya lile kubwa. Fimbo ninayotumia zaidi ni yako, ile namba saba. Uliiacha nyuma ya mlango wa chumba chetu, nami niliifunga kwenye koti la mvua la Baba miaka yote hii. Ni nyepesi, inanifaa. Nimeshaibadilishia ngozi ya mpini. Samahani kwa kutokuomba.

Haya. Chai yangu imekwisha na kisingizio changu kimekwisha pamoja nayo.

Wiki sita zilizopita klabu iliandaa shindano la wazee, na zawadi yake ilikuwa mwavuli. Ulikuwa mwavuli mzuri, mkubwa, wa rangi ya kijani, na mimi niliutaka. Nesi ndiye aliyekuwa akiniandikia kadi. Hujasahau jinsi mambo yanavyokwenda: hujiandikii mwenyewe, unamwandikia mwenzako, naye anakuandikia wewe. Mwisho unasoma kadi yako, unatia sahihi, unaipeleka mezani. Ukishatia sahihi, kila tarakimu humo ni neno lako.

Tulipomaliza, Nesi akanipa kadi yangu niisome. Nikashuka nayo kwa kidole. Shimo la saba ameandika sita. Nilipiga saba. Mkwaju mmoja uligonga mzizi, mpira ukasogea kiasi cha kiganja, naye wakati huo alikuwa akitafuta miwani yake. Kwa sita, mwavuli ni wangu. Kwa saba, ni wa Fundi.

Shimo la saba, Rula. Mpira uliosogea kiasi cha kiganja.

Nikamwambia, "Nesi, hapa umekosea. Ni saba." Akasema, "Hebu nyamaza, Mzee, uchukue mwavuli wako, nani aliona?" Alikuwa anatania, na mkono wake ulikuwa tayari unasahihisha. Lakini mimi nilishaanza kulia. Mzee mzima, kwenye veranda, mkono mmoja umefungwa bendeji.

Nesi akasema, "Jamani, kwa shimo moja tu?"

Ndipo nikawaambia. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote tangu siku ile, hata marehemu mke wangu. Nilisema polepole, kwa sauti ya chini, nikamaliza. Fundi akainama mbele, akaweka kiganja kwenye sikio, akasema, "Ati nini?"

Ikabidi nirudie kwa kupaza sauti. Veranda nzima ikasikia. Waliokuwa wakinywa chai wakaweka vikombe chini, na katibu wa klabu akatoka ofisini kuona nani anagombana. Kwa hiyo nimekiri mara mbili, ya pili kwa kelele. Ya tatu ni hii, na ndiyo niliyopaswa kuanza nayo.

Nisikilize basi, mdogo wangu.

Siku ile ya kombe, miaka arobaini na minne iliyopita, uliponikabidhi kadi yako nikuandikie, ulisema, "Leo naandikiwa na mwalimu wa hesabu, nitacheza bila wasiwasi." Nami nilikuandikia vizuri mpaka shimo la saba. Pale mpira wangu uliingia kwenye mchanga, nikawa na hasira, nikawa natazama mambo yangu. Wako ulikuwa kwenye nyasi ndefu karibu na mti. Ulijaribu kuutoa, ukasogea kidogo tu. Sikuona. Lakini nilisikia. Ile sauti ya chuma kugusa mzizi, tk, niliisikia vizuri.

Tulipotoka pale sikukuuliza "Ngapi?" kama nilivyokuuliza kwenye mashimo mengine yote. Niliandika nne, nikaenda zangu. Mpaka hapo ni kosa la mtu mwenye hasira, na kosa hilo peke yake lisingeninyima usingizi.

Tulipofika mezani, ndani ya kile chumba chenye feni ya kulalamika, nilijumlisha kadi yako. Mikwaju sabini na mitatu. Yangu ilikuwa sabini na mitano. Nikarudia kwa kidole kama nilivyofundisha watoto wa watu kurudia, na nilipofika kwenye saba, ile sauti ikarudi masikioni. Tk. Haikuwa nne. Ilikuwa tano. Jumla yako ilikuwa sabini na nne, na bado ulikuwa umenishinda kwa mkwaju mmoja.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningefuta nne, ningeandika tano, wewe ungetia sahihi, na kombe lingekuwa lako. Kazi ya sekunde tatu.

Ukaniuliza, "Mwalimu, umejumlisha?"

Nikasema, "Nimejumlisha."

"Basi mimi nisome nini tena?" Ukacheka.

Nami nikakuambia, "Weka sahihi, Baba anasubiri nje."

Maneno hayo matano ndiyo yaliyonilazimu kuandika barua hii. Nilijua kanuni. Anayetia sahihi kadi iliyopunguzwa hata mkwaju mmoja anaondolewa. Nilijua pia kwamba msimamizi wa shindano alikuwa amesimama pale shimo la saba na fimbo yake ya kutembelea. Sikuwa na uhakika kama atasema. Nilikuacha utie sahihi, nikangoja nione.

Alisema. Akaja na kadi yako mkononi, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, wewe ndiye uliyeandika. Hii nne umeipata wapi?"

Ningeweza kusema nilikosea. Ungeondolewa hivyo hivyo, kanuni ni kanuni, lakini ungeondoka pale ukiwa mtu mkweli aliyeponzwa na kaka mzembe. Watu wangecheka, mwalimu wa hesabu aliyeshindwa kuhesabu hadi tano, na baada ya wiki yangekwisha.

Nilisema, "Niliandika alichoniambia."

Ukanitazama. Mpaka leo nayaona macho yako. Hukubisha. Nilikuwa nimejiandaa ubishe, hata jibu nilikuwa nalo tayari. Ukakaa ukifikiri, kisha ukasema polepole, "Labda nilisema." Uliniamini mimi kuliko ulivyojiamini mwenyewe.

Hukusema, Rula. Hukuniambia nne. Hukuniambia chochote, maana sikukuuliza. Nataka ulisome hilo mara mbili.

Yaliyofuata unayajua, lakini kuna sehemu ambayo huijui. Baba alikuwa amesimama nje amevaa viatu vyake vya Jumapili. Walikuwa wamempa ruhusa siku hiyo asivae ovaroli. Miaka ishirini na sita alikata nyasi za uwanja ule, na wanawe wawili ndio waliokuwa juu ya kila mtu. Alipoambiwa, hakuuliza mara mbili. Alirudi kwenye banda lake kunoa visu vya mashine, na visu vile alikuwa amevinoa asubuhi. Kwako alisema lile neno lake, kwamba amekata uwanja huu bila kuruka jani, na mwanawe ameruka mkwaju. Ulipopata ile kazi ya upimaji wa ardhi huko mbali, hakuja kituoni kukusindikiza. Mimi nilikuja. Nilikubebea sanduku.

Usichokijua ni kwamba barua zako zote alizisoma. Alinifanya nimsomee, kila moja mara mbili, ingawa kusoma alijua vizuri kuliko wengi. Akizichukua anaziweka kwenye mkebe wa mbegu za nyasi, kwa mpangilio wa tarehe. Kila nilipomsomea nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Miaka tisa, Rula. Nilihesabu baadaye, barua mia moja na saba. Nilimsomea zote na sikuongeza sentensi moja ya kwangu.

Na ulipokuja kumzika, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za jikoni, wewe na mimi tu, ulisema, "Kaka, huwa najiuliza kwa nini nilisema nne." Nikakujibu, "Yamepita." Hata nilikushika bega. Nikifikiria bega hilo naona aibu kuliko kombe lenyewe.

Sitaki kukuambia nilikuwa na sababu. Nilitaka Baba anitazame alivyokuwa akikutazama wewe ukipiga mpira. Ndiye aliyekupa jina hilo, Rula, kwa kuwa mpira wako ulikwenda moja kwa moja kama umechorwa. Mimi aliniita Mwalimu kama kila mtu alivyoniita. Niliambulia kombe, na Baba alilipangusa vumbi mara moja tu, siku ile ile. Hayo si sababu. Nakuambia tu kilichokuwamo ndani.

Sasa nikupe kilichofanyika. Siku ya pili baada ya ile veranda, nilikwenda ofisini kwa katibu, mama mmoja mwenye sauti ya upole anayeandika kila unachosema. Niliomba jina langu litoke kwenye ubao na lako liingie. Kamati ikakaa. Wakanijibu kwamba kanuni hairuhusu lako liingie, maana kadi yenye kasoro ilitiwa sahihi, lakini langu linaweza kutoka kwa maombi yangu mwenyewe. Nilibishana nao kidogo, Nesi akabishana nao sana. Haikusaidia.

Jumatatu mchoraji akaja na kopo dogo la rangi. Nilikaa kwenye kiti nikamtazama. Aliuliza, "Mzee, una uhakika? Majina huwa nayaongeza, sijawahi kufuta." Nikamwambia aendelee. Sasa mwaka ule una tarakimu zake na mstari mtupu mbele yake. Wageni wanauliza, na Fundi ndiye anayewaeleza, kwa sauti yake ile, kwa hiyo hakuna asiyejua. Kwenye kitabu cha klabu katibu ameandika maelezo yote kama nilivyoyatoa, kwamba mchezaji hakuulizwa na hakusema. Nakala yake yenye muhuri imo ndani ya bahasha hii. Mwonyeshe shemeji. Waonyeshe na watoto, hasa yule wa kwanza, uliyewahi kuniambia kwamba ulimkataza mchezo huu bila kumpa sababu.

Kaburini kwa Baba nilikwenda na binti yangu Jumapili. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa siwezi kupiga magoti. Kisha nikamsomea tena barua yako ya kwanza, na safari hii niliongeza sentensi yangu.

Tangu hapo nimekuwa mwepesi, na wepesi huo unanitia wasiwasi kidogo, maana mzigo sikuutupa, nimekutumia wewe kwa posta. Kila mwezi unanipigia simu. Unaniuliza kama nimekula dawa, unanitumia mashine za kupimia presha, tayari ninazo tatu. Najua ninachohatarisha. Ukiamua simu hiyo isilie tena, sitakulaumu, na nimemkanya binti yangu asikusumbue.

Lakini nina ombi. Ndani ya bahasha utaona pia kadi tupu ya mashimo tisa. Jina langu liko juu. Chini, mahali pa mwandishi, pako wazi. Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao nitaanza saa tatu asubuhi. Kwenu itakuwa saa ngapi utajua mwenyewe, hesabu zangu usizitegemee. Simu itakuwa kwenye mfuko wa shati, na binti yangu ameongeza mlio wake mpaka Fundi anausikia.

Ukipenda, piga. Baada ya kila shimo uniulize, "Ngapi?" Mimi nitakuambia, na wewe utaandika. Hutakuwepo kuona, na mashahidi wangu mmoja hasikii na mwingine anatafuta miwani. Itabidi uandike ninachosema, kama mimi nilivyodai niliandika ulichosema wewe. Kisha utajumlisha, unisomee, nami nitasikiliza kila tarakimu kabla ya kukubali. Sikuombi useme umenisamehe. Neno hilo ulitunze mpaka ulione limeiva, na lisipoiva nami nikiwa nimeondoka, basi. Nakuomba uniulize tu, kwa kuwa mimi sikukuuliza.

Usipopiga nitacheza vivyo hivyo, na Nesi ataniandikia.

Nisalimie shemeji, na umwambie bado nakumbuka alivyonicheka siku ya harusi yenu nilipokanyaga shela lake. Wasalimie wanao wote, na wajukuu, na hasa yule mdogo anayeniita Babu wa Simu. Binti yangu anakusalimu, baba yake mdogo. Nesi anakusalimu ingawa hamjuani, anasema ungekuwa wodini kwake usingetia sahihi kitu chochote bila kusoma. Fundi anakusalimu pia. Mwavuli ulikwenda kwake, na ameanza kuniazima mvua ikinyesha.

Mungu akupe miaka mingi kuliko yangu, na magoti ya kuitumia. Akupe usingizi ambao nilikuibia, na asubuhi ukiamka ujue kwamba mpira wako siku zote ulikwenda moja kwa moja.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ambaye hukumwambia nne,

Mwalimu